Gramafoni Kongwe na Mpya: Fedha Ilikwenda Wapi?

Mwaka 1979 kampuni ya Matsushita ya Japani, kwa jina lake la biashara la Technics, iliingiza sokoni mashine ya kuchezea santuri iitwayo SL-1200MK2. Karatasi ya vipimo vyake ilitaja kiwango cha kuyumba kwa kasi: asilimia 0.025. Utengenezaji wa mashine za ukoo huo ulisimamishwa mwaka 2010. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo, ambayo sasa inajulikana kwa jina la Panasonic, ilirudi na SL-1200G yenye mota iliyobuniwa upya, sinia zito lenye tabaka la shaba ya manjano, mkono wa magnesiamu na bei ya dola 4,000. Isome karatasi yake ya vipimo kwenye mstari wa kuyumba kwa kasi, utakuta asilimia 0.025. Shuka hadi mstari wa mngurumo, yaani kiasi ambacho kelele ya mashine yenyewe iko chini ya muziki, utakuta desibeli 78, kama ilivyokuwa mwaka 1979. Miaka 37 ilipita, na tarakimu mbili zinazopima kazi kuu ya chombo hicho hazikusogea.

Wapenzi wa gramafoni kongwe huiona hiyo kuwa hukumu: ya kale ni dhahabu, na anayelipa maelfu ya dola kwa mashine mpya ananunua jina. Wapenzi wa mashine mpya nao husema kinyume, kwamba karatasi za vipimo hazisemi kitu kwa kuwa masikio yao yanasikia tofauti kubwa. Ubishi huo umepamba moto kwa sababu santuri zenyewe zimerudi. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza santuri kuishinda CD kwa idadi tangu mwaka 1987. Kila mnunuzi mpya anajikuta kati ya kambi hizo mbili, na kila kambi inamvuta. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zimeanza na swali lisilofaa. Zinauliza mashine ilitengenezwa mwaka gani. Swali linalotoa jibu ni la fedha: nani alilipia ubunifu wa kila kipande, na fedha hiyo iliingia kwenye mota, kwenye mkono wa sindano, au kwenye uzito na mng'aro wa chuma.

Kazi ya mashine ya santuri ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza. Santuri ya muziki mrefu, aina iliyoletwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 1.8. Pembeni kabisa mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde. Ukikaribia karatasi ya katikati, kasi hiyo imeshuka hadi sentimita 21 hivi. Ndani ya mfereji huo sindano ya almasi inasoma mikunjo ambayo ile midogo kabisa ni sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Kila mtikisiko unaoifikia, uwe wa muziki, wa mota au wa miguu ya mtu anayepita sebuleni, hugeuzwa kuwa umeme na kukuzwa na amplifaya, kwa kuwa sindano haina uwezo wa kubagua. Kwa hiyo mashine inadaiwa mambo matatu: iizungushe santuri kwa kasi isiyoyumba, iizungushe kimya, na iibebe sindano mahali pake bila kuibana wala kuiacha ipepesuke. Mambo mawili ya kwanza ni ya mota, beringi na sinia. La tatu ni la mkono na katriji inayoshika sindano. Mgawanyo huu ni muhimu, kwa sababu sehemu hizo mbili za mashine hazikuendelea kwa mwendo mmoja wala hazizeeki kwa mwendo mmoja.

Njia za kuifikisha nguvu ya mota kwenye sinia ni tatu, na zote zilikuwa zimekomaa kabla ya mwaka 1976. Ya kwanza hutumia gurudumu la mpira linalogusa ukingo wa ndani wa sinia. Garrard 301 iliyotengenezwa Swindon, Uingereza, ilikuwa ya aina hiyo, na Thorens TD 124 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1957, iliunganisha gurudumu na mkanda. Watangazaji wa redio, BBC wakiwemo, walizipenda mashine za gurudumu kwa kuwa sinia hushika kasi upesi, lakini gurudumu lilelile linaloleta nguvu hupitisha pia mtetemo wa mota. Ya pili ni ya mkanda. Mwaka 1961 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research huko Marekani alionyesha, kwa mashine iliyouzwa chini ya dola 100, kwamba mkanda wa mpira pamoja na springi chache zilizobeba sinia na mkono kwa pamoja vinaweza kuukata mngurumo. Linn Sondek LP12 ya Glasgow, inayotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi leo, inafuata wazo hilo. Ya tatu ilikuja na Technics SP-10 ya mwaka 1970: mota inayozunguka polepole, kwa kasi ileile ya santuri, na sinia limekaa juu yake moja kwa moja bila gurudumu wala mkanda. Mwaka 1975 SP-10MK2 iliongezewa fuwele ya kwatzi ya kuilinda kasi, na sinia lake likawa linafikia mwendo kamili ndani ya robo sekunde.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Matsushita haikuwa karakana ya wapenda muziki. Ilikuwa kampuni kubwa mno, ikitengeneza televisheni, majokofu na redio, na gharama ya kubuni mota mpya au saketi maalumu ya kuiongoza iligawanywa kwa idadi kubwa mno ya vyombo. Familia ya SL-1200 pekee iliuzwa zaidi ya mashine milioni 3. Sony, Denon, JVC na Pioneer walikuwa katika mashindano hayohayo, kila mmoja akiwa na wahandisi wake na viwanda vyake. Kisha, Oktoba 1982, CD ya kwanza ikauzwa Japani, na fedha ya utafiti ikaihama santuri ndani ya miaka michache. Waliobaki, na waliokuja baadaye kuijenga upya biashara ya mashine za bei kubwa, wengi wao ni karakana ndogo za Ulaya, Marekani na Japani zinazouza mashine chache kwa mwaka. Karakana ya namna hiyo haiwezi kuagiza saketi yake yenyewe kutoka kiwandani wala kubuni mota kuanzia mwanzo. Inachoweza ni kuchonga chuma, na mashine za kuchongea zinazoongozwa na kompyuta zimeiwezesha kukichonga kwa usahihi ambao mwaka 1970 haukupatikana kwa bei hiyo. Basi fedha ikaingia kwenye chuma: masinia ya kilo kumi na zaidi, beringi zinazoelea juu ya hewa, misingi inayobebwa na watu wawili.

Kwa hiyo mashine nyingi za fahari za leo zinatumia mkanda. Muuzaji atakwambia kwamba mkanda una muziki zaidi kuliko mota ya moja kwa moja, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Technics hiyohiyo ilitengeneza mota iitwayo SP-02 kwa ajili ya mashine zinazochonga santuri mama, ambazo nakala zote hutokana nazo. Kama mota ya moja kwa moja ingeuua muziki, basi muziki wa santuri nyingi ungekuwa umekwisha kufa kabla hazijafika dukani. Dharau hiyo ina chanzo kingine pia: SL-1200 ikawa chombo cha madijei wa disko na hip-hop, na waheshimiwa wa sebuleni hawakupenda kukiona chombo chao mikononi mwa vijana wa klabu.

Mfano wa kilele ni TechDAS ya Japani, iliyoasisiwa na Hideaki Nishikawa, mhandisi aliyewahi kufanya kazi na Micro Seiki, kampuni iliyotengeneza mashine nzito za mkanda miaka ya 1970 na 1980. Mashine yake iitwayo Air Force Zero ina uzito wa zaidi ya kilo 300 na imeuzwa kwa zaidi ya dola 400,000. Sinia lake huelea juu ya hewa, na santuri hunyonywa chini ibanwe kwenye sinia isije ikapinda. Ni kazi ya ufundi inayostahili kuheshimiwa, na mtu mwenye fedha hizo ana haki ya kuzitumia apendavyo. Lakini mawazo yake makuu mawili, yaani kuelea juu ya hewa na kunyonya santuri, yalikuwa tayari yanauzwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichoongezeka ni kilo, usahihi wa uchongaji na bei.

Hapa mpinzani mwenye busara atanikatiza. Atasema SL-1200G si kipimo cha kilele. Technics yenyewe mwaka 2018 ilitoa SP-10R, ambayo kuyumba kwake kumetajwa kuwa asilimia 0.015 au chini ya hapo, na mngurumo wake uko desibeli 92 chini ya muziki. Je, hayo si maendeleo? Ni maendeleo ya kweli, na ni haki kuyataja. Ila ichukuliwe santuri yenyewe. Tuseme tundu la katikati limetoboka nje ya kitovu kwa milimita 0.2 tu, kosa ambalo jicho la kawaida haliligundui. Sindano ikiwa sentimita 10 kutoka kitovuni, kosa hilo litaifanya kasi ipande kwa asilimia 0.2 na kushuka kwa asilimia 0.2 katika kila mzunguko. Tarakimu ya kiwandani hukokotolewa kwa namna inayopunguza uzito wa mayumbo ya polepole kama haya, kwa sababu sikio huyavumilia. Lakini hata baada ya punguzo hilo, kosa la tundu linabaki kubwa kuliko kosa la mashine ya mwaka 1979. Karibu na katikati ya santuri, ambako mzingo ni mdogo, hali ni mbaya zaidi. Na kelele za plastiki ya santuri, hata iliyooshwa vizuri, ziko juu kuliko mngurumo wa SL-1200MK2, sembuse SP-10R. Mashine ilikwisha kuipita santuri zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kushuka kutoka 0.025 hadi 0.015 ni ushindi wa maabara.

Walioliona tatizo hilo la tundu mapema walikuwa Wajapani wa kampuni ya Nakamichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliuza mashine, TX-1000 na baadaye Dragon-CT, zilizoipima santuri kwa mkono mdogo wa pembeni kisha zikaisogeza zenyewe mpaka mfereji ukae katikati. Huo ulikuwa ubunifu uliogusa kosa kubwa lililopo badala ya kuendelea kung'arisha lililokwisha tibiwa. Karibu hakuna aliyeufuata. Ukiniuliza ni mashine gani ya zamani ningependa kiwanda cha leo kiifufue, nitaitaja hiyo kabla ya Garrard au Thorens. Lakini mota ndogo na vihisio havivutii kwenye picha kama sinia la kilo 30.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka moyoni: kwamba masikio ya msikilizaji mzoefu husikia mambo ambayo vipimo havikamati. Sidharau masikio. Mngurumo wa gurudumu la mpira lililokauka husikika, mkono uliolegea husikika, na piano inayoyumba humkera hata asiyejua mashine ni nini. Lakini uzoefu wa kusikiliza huku unajua bei ya unachokisikiliza ni shahidi dhaifu, na mwaka 2022 ulitoa somo ambalo wapenda santuri hawakulisahau upesi. Ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, inayouza santuri za bei ya juu zilizosifiwa kwa usafi wa sauti ya analogi, ilikuwa ikipitisha kanda nyingi za asili kwenye hatua ya kidijitali kabla ya kuchonga santuri, na ilikuwa imeanza kufanya hivyo tangu mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi wasikilizaji wenye mashine za bei kubwa, pamoja na wahakiki waliolipwa kusikiliza, walikuwa wakizitaja baadhi ya santuri hizo kama mfano wa kile ambacho dijitali haiwezi kukitoa. Suala lilifika mahakamani na likaishia kwenye suluhu ya fidia. Tukio hilo halithibitishi kwamba masikio hayafai. Linathibitisha kwamba sifa inayotolewa baada ya kuiona bei na jina haiwezi kusimama peke yake kama ushahidi wa tofauti kati ya mashine mbili.

Mpaka hapa nimeonekana kuitetea mashine kongwe. Upande wa pili wa mashine, yaani mkono na katriji, ndiko msimamo huo unakobadilika. Mkono ni mzito kwa kiasi fulani, na kijiti kinachobeba sindano kina ulaini wa kiasi fulani. Viwili hivyo kwa pamoja hutikisika kwa kasi yao ya asili, na mafundi hutaka mtikisiko huo uwe kati ya mara 8 na 12 hivi kwa sekunde, juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini ya muziki. Mkono mashuhuri wa SME 3009 wa Uingereza ulioanza kuuzwa mwaka 1959 ulizidi kufanywa mwepesi miaka iliyofuata, ili uendane na katriji laini kama Shure V15. Shure iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na katriji nyingi za fahari zinazouzwa leo ni ngumu zaidi, zinahitaji mkono wenye uzito. Anayefunga katriji ya kisasa ya dola 2,000 kwenye mkono mwepesi wa miaka ya 1970, kisha akahukumu kwamba "mashine za zamani zina besi dhaifu", amehukumu ndoa mbaya, si mmoja wa wanandoa. Ulinganisho mwingi unaosimuliwa miongoni mwa wapenzi wa muziki ni wa namna hiyo.

Zaidi ya hayo, mikono ya sasa imetengenezwa vizuri kwa bei ambayo zamani haikuwezekana. Rega ya Uingereza ilipotoa mkono wake wa RB300 mwaka 1983, ulioumbwa kwa kipande kimoja cha alumini, ilikiweka mikononi mwa mtu wa kipato cha kawaida kitu ambacho awali kilikuwa cha matajiri, na mikono mingi ya bei nafuu iliyofuata imepita njia hiyo. Beringi zake hazina mchezo, na nyaya zake hazijachakaa. Mtu anaweza kunikumbusha kwamba hata umbo bora la sindano si jipya: ile ya Shibata ilibuniwa Japani miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za spika nne. Ni kweli. Denon DL-103 nayo, katriji iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la NHK, bado inauzwa. Lakini ubunifu wa zamani si sawa na sindano ya zamani. Almasi ya DL-103 iliyotoka kiwandani mwezi uliopita ni mpya. Almasi iliyokaa kwenye gramafoni ya mwaka 1972 imelika, na kipande cha mpira kinachokishika kijiti chake kimekauka. Sindano huhesabiwa kudumu takriban saa 1,000 za kucheza, na ikipita hapo inachimba mfereji badala ya kuusoma. Katika jambo hili hakuna mjadala: katriji iwe mpya.

Suala la kuzeeka ndilo ambalo wauzaji wa gramafoni kongwe hulipita haraka. Chuma hakizeeki kwa kipimo cha maisha ya mtu. Beringi ya Garrard iliyotiwa mafuta itawazika wajukuu. Mpira unazeeka: gurudumu hugeuka gumu na kuanza kugonga, mkanda hulegea. Kapasita hukauka. Vitu hivyo hubadilishwa kwa fedha kidogo na fundi yeyote makini wa redio. Hatari yenyewe iko ndani ya mashine zilezile nilizozisifu. Saketi maalumu ambazo kampuni kubwa za Japani zilijibunia hazitengenezwi tena, na ikiungua moja, mota bora kuliko zote inakuwa uzito wa kuzuia mlango. Ajabu ni kwamba mashine rahisi zaidi, ya gurudumu au ya mkanda, ina maisha marefu kuliko ile iliyoishinda kwa vipimo. SL-1200 imeokolewa na wingi wake: mashine milioni 3 huacha vipuri vingi duniani.

Hata hivyo si kila bei ya mashine kongwe ni ya kihandisi. Garrard 301 iliyokarabatiwa na kuwekwa kwenye msingi wa mbao nzuri leo huuzwa kwa bei inayoshindana na mashine mpya za fahari, na kampuni ya SME, iliyolinunua jina la Garrard mwaka 2018, inaiuza 301 tena. Thorens nayo imerudisha TD 124 kwa sura ileile ya zamani, lakini ndani haina gurudumu wala mkanda; imewekewa mota ya moja kwa moja. LP12 ni kisa cha kuchekesha zaidi. Tangu miaka ya 1970 imebadilishiwa beringi, umeme, mota, mkono na hata fremu ya ndani, na mwenye mashine ya awali anaweza kufungiwa vipande hivyo vyote. Akishavifunga, ana gramafoni kongwe au mpya? Mwaka 2023 Linn iliadhimisha miaka 50 ya mashine hiyo kwa toleo la nakala 250, lililoshirikisha kampuni ya mbunifu Jony Ive, kila moja ikiuzwa kwa pauni 50,000. Mwaka ulioandikwa chini ya mashine, tunaona, unaweza kuwa pambo tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki yapo mambo mawili yasiyotajwa na waandishi wa Ulaya wala Marekani kwa sababu hayawahusu. La kwanza ni umeme. Mota nyingi za zamani za mkanda na gurudumu hufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Marekani hutumia hezi 60. Tanzania na Kenya ni hezi 50. Mashine ya mkanda iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikichomekwa Mombasa kupitia transfoma ya kupunguza volti, itaizungusha santuri ya 33 kwa mizunguko isiyofika 28 kwa dakika, na mwimbaji atashuka kwa toni moja na nusu. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Dawa ni kubadilisha puli ya mota au kuweka kifaa cha umeme cha kuongoza kasi. Mashine ya moja kwa moja yenye kwatzi haina ugonjwa huo, kwa kuwa hujihesabia kasi yenyewe. Iliyotoka Japani inahitaji volti 100 tu. La pili ni santuri za kasi ya 78. Taarabu ya zamani, pamoja na zile alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, imehifadhiwa kwenye sahani za aina hiyo. Garrard 301 na TD 124 ya awali zina kasi ya 78, SL-1200G inayo, lakini SL-1200MK2 haina, na mashine nyingi mpya za fahari huishia 45. Mwenye urithi wa sahani hizo aitafute kasi hiyo kabla ya sifa nyingine yoyote, na anunue sindano yake maalumu, ambayo ncha yake ni pana karibu mara nne kuliko ya santuri ya kawaida.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kwa mtu wa bajeti ya kawaida, mashine ya kiwanda kikubwa cha Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyokaguliwa na fundi na kufungwa katriji mpya, inampa mzunguko ambao mashine mpya ya bei hiyohiyo haiwezi kuufikia, kwa sababu utafiti wake ulilipwa zamani na watu wengine. Asiye na fundi wa kumtegemea anunue mpya, ya bei ya kati, yenye mkono mzuri. Atapoteza kidogo kwenye mota na kupata usingizi. Anayepanda juu ya bei ya SL-1200G ajue kwamba sehemu kubwa ya anacholipia ni uchongaji, uzito na uzuri wa kutazama. Na anayekwenda kuangalia gramafoni kongwe aende na santuri yake mwenyewe, ikiwezekana ya piano, aombe ipigwe upande mzima mpaka mwisho, ambako makosa hujitokeza zaidi. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, mwachie gramafoni yake.